Tuupime Umeme wa Nyumbani Pasipo Kuugusa

Mwezi huu twataka kusema na wazazi na vijana wetu juu ya jambo ambalo kwa kulitazama ni dogo, walakini limekwisha kutia ugomvi katika nyumba nyingi, na limekwisha kuzitia hatarini roho za watu. Jambo lenyewe ni huku kutaka kujua kila chombo cha umeme kilichomo nyumbani chala kiasi gani. Wasomaji wetu kadha wametuuliza, na wengi wa waulizao ni vijana. Nasi twaona si vyema kulijibu swali hili kwa maneno mawili, kwani jibu la haraka katika mambo ya umeme laweza kumwua mtu.

Kutaka kujua si kosa. Mtu anunuaye nyama huitazama mizani, na anunuaye kitambaa hutazama yadi inavyopimwa. Kwa nini basi anunuaye umeme afumbe macho? Dini yetu imetukataza israfu, na ni vigumu mtu kujizuia na israfu ya kitu asichokijua kipimo chake. Lakini nyama na kitambaa vyashikika, na umeme haushikiki. Aushikaye huenda asipate nafasi ya kusimulia. Ndiyo sababu tukasema katika kichwa cha maneno haya kwamba tuupime pasipo kuugusa.

Siku hizi nyumba nyingi hununua umeme kabla ya kuutumia. Tanzania Bara mpango huo waitwa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Unguja na Pemba waitwa Tukuza. Na Kenya watu husema wananunua tokeni. Mtu hulipa fedha zake, akapewa tarakimu 20, akazibonyeza katika mita, na uniti zikaanza kuhesabiwa kwa kurudi nyuma mpaka zikaisha. Mita hiyo ni shahidi, lakini ushahidi wake una upungufu mmoja: hutaja jumla, haimtaji mlaji. Uniti zikiisha tarehe 20 badala ya tarehe 30, baba huitazama pasi ya mama, mama huitazama televisheni ya watoto, na watoto humtazama mgeni aliyekuja na birika lake. Kila mmoja ana dhana yake, wala hapana ajuaye.

Hapo ndipo kijana wa nyumba, aliyejifunza kidogo habari za umeme, hushika kisu na bisibisi akasema, "Mimi nitapima." Nia yake ni njema, bali njia aliyoishika yaweza kuwa mbaya kuliko hasara anayotaka kuizuia. Njia za kupima ni nyingi, na hazilingani kwa usalama. Tutazipanga kama vidato vya ngazi: tutaanza na ile isiyo na hatari, tupande moja moja, mpaka tufike pale ambapo mtu wa nyumbani yampasa asimame, amwachie fundi.

KITU GANI KINACHOPIMWA

Kwanza tujue twapima nini. Nguvu ya chombo hupimwa kwa wati, neno lililotokana na jina la James Watt, mhandisi wa Scotland aliyeishi tangu 1736 hata 1819, naye ndiye aliyeitengeneza mashine ya mvuke ikawa bora kuliko ilivyokuwa kabla yake. Wati 1,000 ni kilowati 1. Chombo cha kilowati 1 kikifanya kazi kwa saa 1 nzima, kimekula uniti 1. Basi ulaji wa umeme ni mambo mawili yaliyooana: nguvu ya chombo, na muda wa kazi yake. Atazamaye moja akaacha la pili hatapata hesabu iliyo sawa.

Natutoe mfano. Birika la umeme la wati 2,000 lina nguvu nyingi, na kila alisikiapo mtu likinguruma hudhani ndilo limalizalo uniti. Lakini birika huchemsha kwa dakika 5 tu, na kwa dakika hizo hula kiasi cha wati-saa 167, yaani sehemu ya sita ya uniti moja. Panka la wati 60 halina kelele, ila likizunguka saa 8 za usiku hula wati-saa 480, karibu nusu ya uniti. Hivyo limelipita birika mara tatu hivi. Na taa ya kisasa ya wati 9 ikiwaka saa 6 kila usiku, hula wati-saa 54, hata uniti moja yaitosha siku 18. Kwa hiyo mwenye kelele siye mlaji kila wakati, na mnyamavu si mtakatifu kila wakati.

Watu wa zamani walipata taabu kuliko sisi katika jambo hili. Thomas Edison wa Marekani, alipoanza kuuza umeme New York mwaka 1882, alitumia kipimo cha chupa zenye dawa na vipande vya madini ya zinki. Umeme ukipita, zinki hutoka katika kipande kimoja ikaganda katika kingine, kisha mtu wa kampuni akaja akavipima vipande hivyo katika mizani. Mwenye nyumba hakuwa na njia ya kusoma chochote, alingoja kuambiwa. Mwaka 1889 Ottó Bláthy, mhandisi wa Hungaria, alipata hataza ya mita yenye sahani izungukayo kwa kadiri ya umeme upitao, na mita za namna hiyo zikaenea ulimwenguni kwa muda wa karibu miaka 100. Wazee wetu waikumbuka sahani ile ikizunguka nyuma ya kioo. Leo mita nyingi zina taa ndogo imetametayo badala ya sahani. Tutaona hivi punde kwamba taa ile yatosha kufanya kazi kubwa, wala haidai kisu wala bisibisi.

KIDATO CHA KWANZA: KUSOMA NA KUANDIKA

Njia ya kwanza haitaki chombo chochote isipokuwa kalamu na daftari. Kila chombo kina kibandiko nyuma yake au chini yake, nacho chataja wati zake. Kikitaja volti na ampea tu, zidisha moja kwa nyingine upate wati kwa kukisia: chombo cha volti 230 na ampea 2 ni kiasi cha wati 460. Kizime chombo kwanza, uchomoe plagi, ndipo ukigeuze na kukisoma. Kisha andika chombo hicho chafanya kazi saa ngapi kwa siku, uzidishe, ugawanye kwa 1,000, upate uniti.

Katika chuo chetu cha watoto yapo mapanka 4, kila moja la wati 60, nayo huzunguka saa 3 za darasa. Wanafunzi wenyewe walipiga hesabu ubaoni: 4 mara 60 ni 240, mara 3 ni 720, yaani uniti 0.72 kwa siku. Hawakugusa waya hata mmoja, na jibu walilipata. Mtoto afahamuye hesabu hiyo hahitaji kukemewa azime panka darasa liishapo; atalizima mwenyewe, kwani amekwisha kujua bei yake.

Lakini njia hii ina mpaka. Vyombo vingine havifanyi kazi mfululizo, bali hujiwasha na kujizima. Pasi ikipata moto hujizima kitambo, kisha ikajiwasha. Friji nayo ni hivyo hivyo. Ukisoma kibandiko cha friji wati 150, ukazidisha kwa saa 24, utapata uniti 3.6 kwa siku, na huenda hesabu hiyo ikawa mbali na kweli, kwani mashine yake hupumzika sehemu kubwa ya siku. Kwa vyombo vya namna hii twahitaji kidato cha pili.

KIDATO CHA PILI: MITA YENYEWE

Mita iliyo ukutani ndicho kipimo kilicho bora katika nyumba nzima, na kimekwisha kulipiwa. Kuitumia ni kuitazama kwa macho tu. Kuifungua, kukata lakiri yake au kugusa nyaya ziiingiazo ni kosa la sheria, na pia ni kujitafutia mauti, kwa sababu nyaya zile haziko chini ya swichi yako kuu; hata ukizima umeme wa nyumba, waya uingiao katika mita ungali hai.

Jinsi ya kufanya ni hii. Waarifu watu wa nyumbani, kisha zima vyombo vyote kwa swichi zake na uchomoe plagi zao. Iache friji peke yake. Fanya hivyo usiku, baada ya sala ya isha, wakati kila mtu yu kitandani. Tuseme saa 3 ya usiku mita yaonyesha uniti 214.6, na saa 11 ya alfajiri yaonyesha 214.1. Saa zilizopita ni 8, na uniti zilizoliwa ni 0.5, basi kwa saa 24 ni 1.5, na kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 45. Mchana friji hula zaidi kidogo, kwa kuwa kuna joto na mlango hufunguliwa mara kwa mara, lakini umekwisha kupata kisio cha maana. Na ikiwa umezima kila kitu, hata friji, na mita ingali inakwenda mbio, hiyo ni dalili ya kwamba kipo chombo ulichokisahau, au waya mbovu wavujisha umeme, au mtu mwingine ameunganishwa katika mita yako. Hapo usitafute mwenyewe; mwite fundi.

Kwa chombo kikubwa ambacho usiku hakitumiki, itazame ile taa imetametayo. Karibu nayo pameandikwa tarakimu iliyofuatwa na herufi imp/kWh, yaani idadi ya mimeto kwa kila uniti moja. Mara nyingi ni 1,000 au 1,600, na mita nyingine zina tarakimu nyingine. Washa chombo kimoja tu, ushike saa, uhesabu mimeto kwa dakika 6 kamili. Dakika 6 ni sehemu ya kumi ya saa, basi zidisha kwa 10, kisha ugawanye kwa tarakimu ile. Mita ya 1,000 ikimeta mara 100 katika dakika 6, ni mimeto 1,000 kwa saa, na chombo hicho ni cha kilowati 1. Mita ya 1,600 ikimeta mara 48, ni mimeto 480 kwa saa. Gawanya kwa 1,600, upate kilowati 0.3, yaani wati 300.

Njia hii ndiyo ifaayo hasa kwa vyombo visivyo na plagi, vilivyofungwa ukutani moja kwa moja, kama hita ya maji ya kuogea. Hita za namna hiyo nyingine hufika wati 5,000, na umeme wake hupita ampea 21. Hapana kipimo cha kuchomeka kinachoweza kubeba mzigo huo, wala si kazi ya mtu wa nyumbani kuifungua hita. Itazame mita kabla ya kuoga na baada ya kuoga. Hita ya wati 5,000 ikiwaka dakika 10 hula uniti 0.83. Jambo hili kijana mwenye kukaa bafuni kwa muda mrefu yafaa alisome mwenyewe katika mita.

KIDATO CHA TATU: KIPIMO CHA KUCHOMEKA

Wapo watu wapendao kujua zaidi: friza yala kiasi gani kwa juma zima, au televisheni ikizimwa kwa rimoti yaendelea kula kiasi gani. Kwa hao kipo kipimo kidogo kichomekwacho katika soketi ya ukutani, na plagi ya chombo ikachomekwa juu yake. Umeme hupita ndani yake, nacho huonyesha wati za wakati ule na uniti zilizokusanyika. Hakuna waya ukatwao wala kifuniko kifunguliwacho, na kwa hiyo ni njia salama. Illa usalama wake wategemea ubora wa kipimo chenyewe na akili ya mtumiaji. Haya ndiyo ya kuangaliwa.

La kwanza, mzigo wake. Soketi zetu za matundu matatu ya mraba zafuata kanuni ya Uingereza, BS 1363, iliyotolewa kwanza mwaka 1947, na mwisho wake ni ampea 13. Kwa volti 230 hiyo ni wati 2,990. Kipimo kiandikwe ampea 13, na chombo utakachokipima kisizidi hapo. Kipimo kilichoandikwa ampea 10 hakifai kwa birika kubwa wala kwa hita.

La pili, alama ya ubora. Itafute alama ya shirika la viwango la nchi yako: TBS Tanzania Bara, ZBS Zanzibar, KEBS Kenya. Kipimo kisicho na jina la mtengenezaji wala ampea wala volti, hata kikiwa rahisi namna gani, kiache dukani. Kitu kilicho kati ya ukuta na friza usiku na mchana si kitu cha kuokotea bei.

La tatu, jino la ardhi. Lile jino refu la plagi ndilo limkingalo mtu asipigwe na umeme ikiwa waya wa ndani umegusa bati la friji. Kipimo kisichokuwa na jino hilo la madini, au kiingiacho kwa msaada wa adapta ya matundu mawili, chaikata kinga hiyo, nawe hujui. Na ile desturi ya kutia kijiti au biro katika tundu la juu ili plagi ya mviringo iingie, tunaikataza kabisa katika nyumba zetu.

La nne, kichomekwe ukutani, si katika ekstensheni iliyochomekwa katika ekstensheni nyingine. Kila kiungo kilicholegea huleta moto. Baada ya dakika 15 za kazi, zima swichi ya soketi, kisha ukiguse kwa mgongo wa mkono. Uvuguvugu kidogo si kitu. Kikiwa cha moto, au kimegeuka rangi, au chatoa harufu ya plastiki iunguayo, kazi imekwisha, na kisitumike tena.

La tano, kisiwekwe bafuni, wala karibu na karo la kuoshea vyombo, wala pahali mtoto mdogo hufikia.

Kwa friji na friza kiache kipimo siku 7, upate siku za jua na siku za mvua pamoja. Chagua kile kisichosahau hesabu umeme ukatikapo, la sivyo kila ukatikapo utaanza upya.

Viko pia vipimo vya kuchomeka vitumavyo habari katika simu ya mkononi. Vyafaa, lakini vina mambo mawili ya kuzingatiwa. Vingi vyaweza kuwasha na kuzima chombo kutoka mbali. Basi usiiunganishe navyo pasi wala jiko, kwani mkono ukiteleza juu ya simu, pasi yaweza kuwaka juu ya kanzu na nyumbani hapana mtu. Na la pili ni sitara ya nyumba: habari za umeme zaonyesha watu waamka saa ngapi, na siku gani nyumba i tupu. Neno la siri liwe gumu, na asipewe kila aombaye.

KIDATO CHA NNE: HAPA TUSIMAME

Sasa twafika pale ambapo vijana wengi huteleza. Mafundi wana kipimo chenye mdomo kama wa koleo, ambacho huuzunguka waya na kusoma umeme upitao pasipo kuukata. Kijana hukinunua, akaukamata nacho waya wa friji, akaona sifuri. Hudhani ni kibovu. Kumbe si kibovu: umeme huenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine, na koleo likizizunguka nyaya zote mbili kwa pamoja, kwenda na kurudi hufutana. Ndipo hushika kisu akaupasua mpira wa nje, ili aukamate waya mmoja peke yake. Kisu kikiingia ndani kidogo tu, kimeufikia waya wa moto. Na hata kisipoufikia siku ile, mpira uliopasuliwa hubaki hivyo, na baada ya miezi mtoto mwenye mkono wenye maji hupita hapo.

Hatari kuliko hiyo ni kile kipimo cha mafundi chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Kikiwekwa pahali pa kupimia ampea, ndani yake huwa kama waya mtupu. Atiaye ncha zake katika matundu ya soketi ameuunganisha waya wa moto na wa kurudi pasipo chombo chochote kati yake, na malipo yake ni mlipuko mkononi, mbele ya uso.

Wengine hujitumainia ile breka ya kukinga watu, ambayo hukata umeme unapovuja kiasi cha miliampea 30. Ni kinga njema, na kila nyumba yafaa iwe nayo. Lakini yaona umeme uvujao kwenda ardhini. Mtu aliyeshika waya wa moto kwa mkono mmoja na wa kurudi kwa mkono wa pili, breka hiyo huenda isitofautishe baina yake na taa.

Vile vile vipo vipimo vifungwavyo ndani ya sanduku la breka ili kuipima nyumba nzima chumba kwa chumba. Ni vizuri, ila vifungwe na fundi mwenye leseni. Tanzania Bara leseni hizo hutolewa na EWURA, na Kenya na EPRA. Mwulize fundi leseni yake kabla hajafungua sanduku. Fundi wa kweli haoni haya kuionyesha.

FAIDA YA KUPIMA

Tumalize kwa habari ya nyumba moja ya mtaani petu, yenye vyumba 6 na mita moja. Wapangaji walikuwa wakinunua uniti 240 kwa mwezi na kugawana sawasawa, kila chumba uniti 40. Katika chumba kimoja alikaa mama mjane auzaye barafu za ukwaju, naye ana friza. Maneno yakaanza kwamba mama huyu ala umeme wa wenziwe, na aliyesema kwa sauti kubwa ni kijana mmoja wa chumba cha mwisho. Akataka kuupasua waya wa friza ili apime. Mama akalia, akasema, "Baba, ukiniharibia friza hii umewaharibia watoto wangu chakula." Wazee wa nyumba wakamzuia, wakaleta kipimo cha kuchomeka, wakashauri kila chombo kikubwa cha nyumba kipimwe kwa juma moja, si cha mama peke yake.

Friza ya mama ilikula uniti 14.7 kwa juma, yaani 2.1 kwa siku, na 63 kwa mwezi. Kweli ilipita fungu lake. Lakini katika chumba cha kijana yule lilikutwa jiko la koili la wati 1,500, lililowashwa saa 2 kila siku: uniti 3 kwa siku, 90 kwa mwezi. Zilizobaki, 87, ndizo taa na mapanka na televisheni za watu wote, uniti 14.5 kwa kila chumba. Basi fungu la mama likawa 77.5, la kijana 104.5, na vyumba vinne vingine 14.5 kila kimoja. Wale wanne, waliokuwa kimya, ndio waliokuwa wakidhulumiwa uniti 25.5 kila mwezi pasipo kujua, na aliyewadhulumu zaidi ni yule aliyewatetea. Wala hakukusudia, alidhani tu, kama walivyodhani wote.

Mama alikubali kulipa zaidi, akasema kwamba alikuwa akiona haya kila mwezi na hakujua adaiwe kiasi gani. Sasa ajua, na bei ya barafu ataipanga kwa hesabu. Kijana alinyamaza siku mbili, kisha akauliza bei ya mtungi wa gesi. Na kipimo kile wakakiweka kwa mzee wa nyumba, kila mpangaji mpya apimiwe vyombo vyake aingiapo.

Basi, enyi wazazi, wapeni watoto wenu daftari na kalamu, muwaweke mbele ya mita, na kazi ya kuandika kila jioni iwe yao. Nanyi vijana, kumbukeni kanuni hii moja, nayo yatosha mahali pa nyingi: kipimo kinachotaka macho na hesabu ni chenu, kinachotaka kisu au bisibisi si chenu, ni cha fundi.